Lenzi ya Chumba cha Bibi Harusi

Nilikuwa dukani hapa Bagamoyo mjini, nangoja kuletewa betri ya kamera, alipoingia dada mmoja mwenye ushungi. Akaweka kamera yake juu ya kaunta, zile ndogo za kisasa zisizo na kioo ndani, akaomba lenzi fupi ya kupigia penye mwanga hafifu. "Nina harusi Mlingotini."

Muuzaji akamshushia lenzi ndefu kama mchi. "Hii ndiyo ya kazi. Ukiishika tu, watu wanakuheshimu." Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, hebu mshauri mkeo."

Dada akaisukuma ile lenzi kwa kidole kimoja.

"Huyu simjui. Na mimi napiga bibi harusi akisingwa, akisuguliwa mwili kwa manukato, chumbani, wanawake peke yetu, mlango umefungwa. Kwa lenzi yako hiyo ndefu nisimame wapi, uani?"

Muuzaji akaleta lenzi fupi, akijichekesha. "Basi siku moja niletee picha, nione ilivyopiga."

Dada akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Huzioni. Hata mume wangu hazioni."

Siku hizi mwanamume akijisifu mbele yangu kwamba amepiga harusi nzima, namuuliza: nzima ipi?