Mhaya wa Durango

Mume wangu Kalisti ni Mhaya wa Bukoba, lakini mwaka 2004 alikuwa mtu wa Durango. Meksiko kwenyewe hajakanyaga. Alikuwa anapaki magari ya wageni kwenye hoteli moja hapa Alexandria, Marekani, na wenzake watatu walitoka jimbo hilo. Wakamwambukiza corrido, zile nyimbo zao ndefu za kusimulia wanaume hodari, farasi na bastola. Kila jimbo lina zake, na kila mtu anaapa za kwao ndizo bora. Akanunua mkanda wenye bizimu la nge, maana watu wa Durango hujitambulisha kwa nge. Mimi Mnyakyusa wa watu nikawa naamshwa na akodiani.

Ningevumilia. Lakini chini yetu alikaa Senyora Eulalia, mama wa Sinaloa, jimbo jirani na Durango, na ndiye aliyemlea Anna wetu nikiwa kazini kwenye nyumba ya wazee. Bila yeye sina kazi. Jumamosi moja Kalisti akamkuta ngazini na redio yake, akamwambia Sinaloa haina corrido, ina matarumbeta tu.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nikabisha hodi na mtoto mkononi. Senyora akafungua mlango nusu, akasema mpaka mume wangu aombe radhi, nikatafute mlezi huko huko Durango.

Nilipanda ngazi nawaka.

"Baba Anna, vaa twende ukaombe msamaha."

"Mama Anna, hii ni principle. Siwezi kudanganya kuhusu muziki."

"Yaani nimisi shift kwa sababu ya farasi wa watu? Shuka!"

Akashuka, akaomba radhi huku anaangalia viatu vyake. Senyora hakuridhika. Akamwuliza, kwa Kiingereza cha kuungaunga kama chetu, Durango inamhusu nini yeye Mwafrika.

Kalisti akaacha kuangalia viatu. "Nikisema natoka Bukoba," akamjibu, "watu wanasema vizuri, basi. Hakuna anayebisha. Nikisema Durango, angalau mtu anakasirika."

Senyora akamtazama, kisha akanyoosha mikono akamchukua Anna.

Mimi niliona aibu. Mwaka wa kwanza wa ndoa ni mimi niliyempiga marufuku kuitaja Bukoba mbele ya wageni, nimechoshwa na maringo ya Kihaya. Alitii miaka saba, na mimi nikajiona mshindi.

Tulipofika kituo cha basi nilikuwa bado na hasira, sijui zangu au zake. Nikamwambia, "Halafu hizo ndizi zenu za Bukoba mnazojisifia, hazifiki hata robo ya ndizi za kwetu Tukuyu."

Aligeuka mzima mzima. "Umesemaje, Mama Anna?"

Basi likaja, likafungua mlango, likaondoka bila sisi. Nilichelewa kazini dakika arobaini, na alikuwa bado hajamaliza kuzitetea ndizi za Bukoba.