Suruali ya Kupandia Mikaratusi

Mwanamke mmoja wa Kutus alikuja kibandani kwangu asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umelala hadi mlangoni. Mimi ni fundi cherehani hapa Wamagana. Sikuwa nimewahi kumwona. Alitoa ovaroli ndani ya kiondo, akaiweka juu ya meza bila kuikunjua.

"Bwana yangu na wako walifanya kazi pamoja Murang'a, ya kukata miti," alisema. "Alisema ati wewe unaweza kushona hii isionekane."

"Yeye ako wapi?"

"Ako hospitali. Akitoka atarudi kazi."

Niliikunjua. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi, lakini damu ikiingia kwenye mishono haitoki. Mguu wa kushoto ulikuwa umepasuka kutoka juu ya goti hadi karibu na kiuno. Nimeshika nguo miaka kumi na minane, na najua nguo iliyokatwa na nguo iliyovutwa. Hii ilivutwa. Kitambaa kilikuwa kinapeperuka, meno ya pawa-so, ule msumeno wa mashine, yakakishika, yakakizungusha, kisha kitambaa chenyewe kikaupeleka msumeno kwenye paja. Nilipima kiuno, nikamuuliza cha bwana yake. Kilizidi kwa upana wa kiganja kizima.

Ovaroli ya mume wangu ilikuwa hivyo hivyo. Niliichagua mimi, saizi mbili juu, ili aweze kuinua miguu vizuri na kuvaa sweta ndani.

Nilimshonea yule mama, nikamwambia, "Mwambie asiivae akikata tena."

"Basi avae nini?" aliniuliza.

Niliikunja ovaroli, nikaitia kwenye kiondo chake.

Mume wangu alipokuja kula mchana nilimweleza nilichokiona. Alitafuna polepole. Alijua mwenzake ameumia, ila alikuwa amenificha. Kesho yake tulienda Nyeri, kwenye mitumba, kwa mzee mmoja wa kofia nyeupe ambaye huuza nguo za kazi tu.

"Mama, unataka ya shamba ama ya msumeno?" aliuliza.

"Ya msumeno. Na ya kupanda nayo juu."

Alileta suruali mbili nene. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na mshono mrefu juu ya paja, uzi wake wa rangi nyingine.

"Hiyo ni ya bei rahisi," mzee alisema, akiirudisha nyuma yake kabla sijaigusa. "Lakini imeshaguswa na msumeno. Ndani kuko na nyuzi ndefu, zinatoka zinafunga mnyororo wa mashine. Zikishatoka zimetoka. Ilimwokoa mwenyewe huko kwao. Wewe haitakuokoa."

Mume wangu aliijaribu ile safi, akacheka. "Nimevaa godoro!" Kiuno kilimkaa sawa. Niliinama nikavuta magoti nione kama atainua mguu. Nilimkatalia jaketi yenye kofia na vikamba, ijapokuwa aliipenda, nikamchagulia ya rangi ya chungwa inayobana kwenye vifundo vya mikono, ili aliye chini amwone hata kwenye ukungu. Nikamkatalia gambuti za mpira pia, kwa sababu huteleza kwenye gome lenye maji, tukachukua viatu vya ngozi vya kufunga kamba.

Alhamisi alikuwa na kazi kwa mwalimu mmoja mstaafu, mikaratusi mitatu nyuma ya nyumba, mmoja ukiegemea paa. Asubuhi alinyoosha mkono kuchukua ovaroli ya zamani. Alisema godoro lile litampika miguu kwa joto. Niliichukua kutoka mkononi mwake, nikafunga kibanda, nikaenda naye.

Miwili ilishuka vizuri. Alipanda wa tatu, ukungu ukammeza, ikabaki ile rangi ya chungwa na ngurumo ya mashine. Mwenzake wa siku hiyo, mzee mmoja, alikuwa chini ameshika kamba aliyofungwa nayo mume wangu. Mara ngurumo ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Kisha vitu vyeupe vikaanza kushuka polepole kati ya matawi, kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa.

"Baba watoto!" niliita.

Mwenzake alikaza kamba, hakunitazama.

"Baba watoto!"

"Niko," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo sikuijua.

Aliposhuka, suruali ilikuwa wazi kwenye paja, nyuzi zikining'inia. Chini yake ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, haina hata tone la damu. Alikaa juu ya mzizi, akaomba maji.

Mwalimu alitoka akauliza, "Na huu wa tatu? Umeukata nusu na unaangalia nyumba yangu."

"Kesho, mwalimu." Akanigeukia. "Utaishona leo?"

"Siishoni."

"Kwani ni shimo tu."

"Siishoni, na hutapanda."

Hakuwahi kunisikia nikikataa nguo. Mume wangu alimshauri mwalimu ahamishe watu, naye akawapeleka kwa ndugu yake akinung'unika. Siku ya pili, saa tisa mchana, upepo ulishuka kutoka mlimani. Mti ulipasuka pale pale alipoukatia, ukalala juu ya jikoni. Hakukuwa na mtu. Mume wangu alienda kutazama, akarudi, na kwa wiki tatu hakugusa msumeno hadi mzee wa Nyeri alipotutafutia suruali nyingine safi.

Sasa amerudi kazini. Hajaumia. Yule wa Kutus alikatwa mguu hospitalini, nilisikia sokoni, na mke wake hajapita tena hapa.

Jana mume wangu alikuwa ng'ambo ya bonde, na kutoka kibandani nilikuwa naisikia mashine. Ikinyamaza huwa nahesabu. Siku nyingi nafika kumi, au ishirini, inawaka tena. Jana nilifika hamsini na nne, nikawa nimeshasimama mlangoni, mteja akinitazama.

"Kuna nini?" aliuliza.

Nikamwambia asubiri kidogo, nisikilize.