Laptopu ya Kuandikia Marehemu

Nzula aliacha kazi kwa sababu ya neno moja: mchapakazi.

Ilikuwa mwaka 2009, mabwawa ya umeme yamepungua maji na stima inakatwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule. Nzula alikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya ghorofani, nyuma ya Tom Mboya Street, mahali ambapo watu walikuja kuchapishiwa barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba na, zaidi ya yote, programu za mazishi, vile vijitabu vyenye ratiba, picha na wasifu wa marehemu. Za mazishi zilikuwa zake. Jamaa wa marehemu angeingia na karatasi yenye tarehe na majina ya wajukuu, naye Nzula angemvutia kiti na kumuuliza: alipenda kula nini? Aligombana na nani? Alikuwa akiimba akioga? Mtu huyo akiondoka na wasifu wa baba yake mkononi, alijua ni wa baba yake, hauwezi kusomwa kwenye kaburi la mwingine.

Lakini jenereta ilikula petroli, na Makau, mwenye ofisi, akachoshwa na maswali hayo. Akaandaa wasifu mmoja kwenye kompyuta, wenye mapengo ya majina na tarehe. Marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu. Jaza, chapisha, mwingine aje. Asubuhi moja Nzula alijaza jina, akachapisha, akampa mama mmoja kijana aliyekuwa amesimama karibu na dirisha. Yule mama akasoma, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mchapakazi?"

Marehemu alikuwa mtoto wake wa miezi saba.

Nzula aliinyakua ile karatasi, akaomba msamaha, akaketi kuandika upya, huku Makau akimpigia kelele kwamba petroli inaisha.

"Nani husoma hizo vitu, Nzula? Watu huangalia picha tu!"

Akamaliza kuandika, akampa yule mama karatasi yake, akachukua mkoba na kuteremka ngazi. Alikuwa ameshafika Moi Avenue alipotambua kwamba ameacha kazi.

Mumewe, Wambua, alikuwa mtunza stoo wa shule moja huko Parklands, mtu asiyeharakishwa na jambo lolote. Alimsikiliza hadi mwisho, akapuliza chai yake.

"Sawa, Mama Nthenya. Sasa utachapa na nini?"

Nzula alisimama akapanga vikombe, akavipangua, akavipanga tena. Tangu utotoni Kitui alikuwa hivyo. Mama yake alizoea kusema kwamba huyu msichana amezaliwa na siafu miguuni. Kitu pekee kilichowahi kumkalisha chini ni kibodi.

Kabla wiki haijaisha, simu ililia. Alikuwa Virginia, mwanamke wa Hurlingham ambaye Nzula alikuwa amemwandikia wasifu wa shangazi yake mwaka uliopita.

"Nzula, baba ametuacha. Ile ya shangazi tuliipenda sana, watu bado wanaiongelea. Tafadhali njoo kwetu Jumanne mchana. Tutakuwa wote, hata mum. Kuja huko tao ofisini kwenu hatuwezi, nyumba imejaa wageni."

"Pole sana, Virginia. Nitakuja," akasema Nzula, kama mtu mwenye mashine.

Jumamosi asubuhi yeye na Wambua walikuwa katikati ya jiji kabla maduka hayajafunguliwa vizuri. Katika duka la kwanza, lenye vioo na feni, kijana wa mauzo aliwaonyesha laptopu ndogo mpya, nyeusi, inayoingia ndani ya mkoba wa mwanamke. Zilikuwa zimeingia kwa wingi mwaka huo na bei yake ilikuwa nafuu kuliko zote.

"Hii, madam, inakaa na chaji karibu siku nzima. Stima ikienda, wewe huna habari. Unachomeka modemu hapa, uko kwa intaneti."

Betri ya siku nzima! Moyo wa Nzula ukaruka. Akaweka vidole kwenye kibodi na kuandika jina la bintiye. Herufi zilikuwa zimebanana kama abiria. Kidole kimoja kiliangukia funguo mbili, na badala ya Nthenya ikatokea Nrhenuya. Akajaribu tena, ikatoka vingine. Kioo nacho kilikuwa kidogo hata akainamisha kichwa kama anayetafuta sindano.

"Utazoea," kijana akasema.

"Nitazoea lini? Nina kazi Jumanne."

"Ni kazi gani hasa unafanya, madam? Tukijua tutakusaidia."

"Naandika watu waliokufa."

Kijana akatazama feni.

Wakatoka. Wakaingia duka lingine, wakatoka. Wakapanda ghorofani karibu na Luthuli Avenue kwa muuzaji mmoja aliyeitwa Kihara, ambaye chumba chake kilijaa laptopu kuukuu zilizotumika Uingereza, zimepangwa kama vitabu. Wambua aliona kiti, akakikalia. Nzula alizijaribu zote akiwa amesimama. Moja ilimshika. Ilikuwa nzito, ya kijivu, yenye kioo kikubwa, na funguo zake zilikuwa pana, zinazobonyea na kurudi bila ubishi. Herufi A ilikuwa imefutika kwa kuguswa na vidole vya mtu asiyemjua. Akaandika jina la Nthenya, la mama yake, kisha mstari mzima wa zaburi, bila kosa hata moja.

"Betri?" akauliza.

Kihara akakuna shingo. "Hizi za eksi-yukei, madam, betri sitakudanganya. Saa moja. Saa moja na nusu ukibahatika."

"Chomoa waya tuone."

Kihara akachomoa. Nzula akaketi, akaanza kuchapa, na Wambua akamwangalia mkewe akiwa ametulia kabisa. Akaagiza chai kutoka kibanda cha chini. Chai ilikuwa bado na mvuke kioo kilipozima.

"Hiyo ndiyo saa moja?" Wambua akauliza.

Kihara alicheka kwa aibu, akatoa betri ya mashine nyingine iliyovunjika kioo, akaiweka. Hiyo ilijikaza zaidi, ikavuka saa moja. Lakini Nzula alikuwa ameshasimama.

"Ngoja niangalie tena ile ndogo."

Alirudi kwenye duka la vioo. Akarudi kwa Kihara. Akashuka tena. Mara ya mwisho alimkuta mumewe palepale kwenye kiti, amefumba macho.

"Baba Nthenya, nisaidie. Ile ina betri lakini haiandikiki. Hii inaandika lakini haina betri. Nikichukua hii na stima ikikatwa huko kwa wenyewe, nitaaibika. Nikichukua ile, nitamzika mzee wa watu na makosa ya herufi."

"Betri inaweza kununuliwa ingine," Wambua akasema bila kufumbua macho. "Vidole je?"

Wakaichukua ya kijivu. Kihara aliongeza mkoba wa zamani na flashi ya kuhifadhia kazi, na jioni hiyohiyo Nzula akanunua modemu.

Mtu angedhani sasa atatulia. Jumapili, baada ya kanisa, aliketi kufungua intaneti kwa mara ya kwanza akiwa nyumbani kwake Kangemi, bila mtu wa saiba, duka la intaneti ya kulipia, kumwambia muda wake umeisha. Alitaka kuangalia tu jinsi wengine wanavyoandika. Akakuta watu wa nchi za mbali wakiwaandikia wafu wao: mmoja alimsifu mama yake kwa kudanganya katika karata, mwingine alimlaumu kaka yake kwa kufa kabla hawajapatana. Nzula alisoma, akainuka, akatembea hadi mlangoni, akarudi kusoma. Hakujua kama inaruhusiwa kusema mambo kama hayo juu ya kaburi. Jumatatu aliirudisha laptopu kwenye mkoba wake, akaenda nayo mjini akikusudia kuibadilisha kwa nyingine, kana kwamba shida ilikuwa mashine. Alifika kwenye ngazi za Kihara, akapanda nusu, akageuka. Alikuwa ametembea Luthuli nzima na mzigo ule begani bila sababu.

Jumanne mchana alifika Hurlingham, kwenye nyumba ya Virginia, ghorofa ya pili. Ilikuwa zamu ya mtaa huo kukosa stima. Mlinzi wa lango ndiye aliyempa habari hiyo.

Sebule ilikuwa na watu kila mahali. Virginia alimkaribisha, akamjulisha kwa kaka yake, Maina, mwanamume mwenye mvi changa, na kwa mama yao, Nyokabi, ambaye alikuwa amekaa kwenye kochi la mwisho na leso mapajani. Nzula aliinama kumsalimu.

"Pole sana, mama."

"Asante, msichana wangu. Kaa."

Aliweka laptopu mezani, akaiwasha. Alikuwa amekipenda kile kioo kikubwa. Sasa aliona ubaya wake. Kule ofisini mteja alikaa upande wa pili, akajibu maswali na kungoja. Hapa wote walikuja kusimama nyuma yake, na kila neno lilipotokea lilikuwa na mwenye kulipinga.

"Futa hiyo ya pombe."

"Usifute, kila mtu anajua!"

"Weka kwamba alikuwa mzee wa kanisa."

"Miaka miwili tu, Virginia."

Alizaliwa, akasoma, akafanya kazi reli, akaoa. Hapo walikwenda vizuri. Kisha wakafika kwenye miaka ya Nakuru.

"Andika alihamishwa kikazi," Virginia akasema.

"Alihamishwa na nani?" Maina akauliza. "Alituacha. Miaka sita. Mimi ndiye nilikuwa nikitoka shule nakatia ng'ombe nyasi ndio tule. Nzula, andika vile ilikuwa."

"Maina, hii ni mazishi. Si koti ya hakimu."

"Na mimi ndiye nitasoma mbele ya watu. Sitasoma uongo."

Nzula aliandika alihamishwa. Akafuta. Akaandika aliondoka. Virginia akaweka mkono begani mwake, naye Nzula akafuta tena. Chini ya kioo, alama ya betri iligeuka nyekundu.

"Mnisamehe," akasema. "Chaji imebaki kidogo. Ikizima haitawaka mpaka stima irudi, na mwenye mtambo wa kuchapa anangoja hii kazi asubuhi."

Hakuna aliyemsikia. Ndugu hao wawili walikuwa sasa wanazungumzia ng'ombe, karo, na barua ambayo mmoja aliipokea na mwingine hakuonyeshwa.

"Wewe msichana."

Ilikuwa sauti ya Nyokabi, kutoka kwenye kochi. Watu wakageuka.

"Naam, mama."

"Umefika hapo kwa Nakuru?"

"Niko hapo hapo, mama."

"Andika hivi. Alienda Nakuru, akakaa miaka sita, akarudi."

"Mum!" Virginia akasema.

"Sijamaliza. Andika: Mke wake alimfungulia mlango."

Vidole vya Nzula vilikuwa vimeshaandika kabla hajajua kama ana ruhusa. Sentensi mbili zikakaa pale, kubwa, kila mtu akiziona. Maina alienda kusimama kwenye balkoni, akiwapa mgongo. Virginia aliketi kando ya mama yake na hakusema tena neno juu ya kufuta.

Nzula akahifadhi kazi kwenye flashi na kuendelea na watoto, kisha wajukuu. Mashine ilizima katikati ya jina la mjukuu wa tatu. Hakuna aliyejali. Majina yaliyobaki aliyachukua kwa kalamu, akayaongeza asubuhi iliyofuata kwa yule mwenye mtambo, kabla programu hazijachapwa.

Hakwenda kwenye mazishi. Wiki moja baadaye Virginia alikutana naye Hurlingham, karibu na maduka, kumlipa, na hapo ndipo alipomsimulia. Maina alisoma vizuri, kwa sauti, mpaka alipofika Nakuru. Akapitisha macho juu ya zile sentensi mbili, akaendelea na kustaafu. Mama yao, kwenye kiti cha mbele, akasema, "Umeruka."

"Nzula, hata pasta hakujua aangalie wapi. Maina akarudi nyuma. Akasoma ya Nakuru. Na ile ya mlango pia akaisoma. Baadaye nilimwona amekaa na mum, wanakula wali kwa sahani moja."

Baada ya hapo simu zilianza kuja, si nyingi, lakini zilitosha. Makau naye alipiga akimtaka arudi; Nzula alimjibu kwa heshima kwamba atamletea kazi za kuchapisha, za kuandika hapana. Betri ya pili aliipata kwa Kihara, na hata hivyo akipita mbele ya duka la vioo bado alikuwa akisimama kuangalia laptopu mpya, hadi Wambua amvute mkono.

"Hii yako imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Naangalia tu."

Mwezi uliofuata aliitwa Parklands, kwa familia ya mwalimu mstaafu. Watoto wa marehemu walivuta viti kuja nyuma yake, kama wale wa Hurlingham. Nzula akasimama, akaigeuza meza ili mgongo wake uwe ukutani, akamwomba mjane peke yake akae kando yake. Mtoto mkubwa akanyoosha shingo.

"Na sisi tutaona saa ngapi?"

"Mtaona," Nzula akamwambia, akiweka vidole kwenye kibodi. "Kwanza mama anieleze."