Salamu za Njia ya Mbooni

Shukri amezaliwa Malindi, mji uliolala chini kama mkeka, na kabla ya safari hii hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za darini. Huuza mahamri huko huko Malindi, mtaa wa Kisumu Ndogo, karibu na Jedida, Mkamba muuza mboga. Jedida ndiye aliyemshawishi: "Twende kwetu Mbooni ukamwone mama. Tukishuka garini, ni hapo tu."

Hapo tu! Walipanda tangu asubuhi, makubadhi yakiteleza juu ya mawe, na kila mlima walioumaliza ulikuwa na kaka yake nyuma. Jedida alipanda kama mbuzi. Shukri kusema amechoka? Afe kwanza. Ila kila mtu waliyepishana naye, Shukri alimsimamisha: hujambo, nyumbani hawajambo, watoto je, ng'ombe je, na mvua mmepata? Watu walifurahi. Mmoja akampa parachichi.

"Shoga, tutafika lini?" Jedida akalalamika.

"Sisi hatuwapiti watu kama magogo," Shukri akamjibu kwa ukali, huku akihema.

Jua lilipokaribia kuzama wakafika. Mamake Jedida alikuwa amesimama mlangoni. Shukri akaegemea nguzo ya nyumba.

"Shikamoo, mama. Hali yako? Wajukuu hawajambo? Shamba je? Na wewe mwenyewe, hali yako?"

"Marahaba." Bibi akaitazama miguu ya mgeni inavyotetemeka, kisha akamsogezea kigoda.

"Mwanangu, mimi ni mzima tangu ulipouliza mara ya kwanza. Sasa kaa upumzike."