Bwana Udongo Asiyejua Kupita

Nilimpikia Daktari miaka minne, na katika hiyo minne nadhani nilizeeka kumi. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumua, maana mtu mbaya unamzidishia chumvi kwenye mchuzi, mnagombana, mnaachana. Huyu alikuwa mwema kiasi cha kukera.

Alitoka nchi ya baridi kuja kufundisha mambo ya udongo chuoni, pale chini ya mlima. Mtaani waliposikia namwita Daktari, asubuhi ya pili barazani kulikuwa na foleni: huyu ana jipu, yule ana mwana anakohoa, na mzee mmoja kaleta mbuzi. Nikawaeleza kwamba huyu anatibu ardhi, si watu. Mzee akauliza kama ardhi ikishapona atapata nafasi ya kumtazama mbuzi. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Bwana Udongo, naye akalipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Sasa, starehe zake. Wapishi wenzangu walikuwa na mabwana wenye starehe za kueleweka: bia baridi, nyama ya kuchoma, karata. Wangu alistarehe kwa vitu ambavyo hata huwezi kuvisimulia ukaaminiwa. Chai yake iwe na mdalasini wa Kinole, kule mlimani, na mdalasini usisagwe, kijiti chenyewe kielee kikombeni kama gogo mtoni. Pasheni iwe imekunjamana ngozi, ile ambayo mimi ningewatupia kuku. Akiikata moja aliila kwa kijiko cha chai nusu saa nzima, kila mbegu na zamu yake. Gazeti alitaka la juzi, kwa kuwa, alisema, habari za juzi zimeshatulia. Mvua ikianza kuvuma huko juu mlimani, kabla haijatufikia, ilinibidi nizime jiko la mafuta ya taa lisimharibie kusikiliza, na mboga zangu zibaki nusu mbichi. Sukari ilipoadimika dukani na nchi nzima ikanung'unika, yeye aliletewa asali kutoka mlimani akasema mambo yamekuwa mazuri zaidi. Niambie, mtu wa namna hiyo utamsaidiaje?

Lakini starehe iliyonimaliza kabisa ni ile ya karibu.

Kwetu mtu akiwa anakula na mwingine akapita, anayekula husema karibu. Anayepita hujibu starehe, au asante, anakwenda zake. Wote wawili wameridhika na chakula kimebaki palepale. Si kwamba karibu yenyewe ni ya uongo. Mwenye njaa akikaa, atanawishwa na atakula. Lakini ni mwenye njaa, si mwenye Land Rover.

Daktari hakuyajua hayo. Wiki yake ya kwanza aliwapita mafundi waashi wakila ugali kwa dagaa kando ya barabara. Wakasema karibu. Akaegesha gari, akakunja mikono ya shati, akanawa, akala. Mafundi walicheka hadi ukuta waliokuwa wakiujenga ukapinda, na mpaka leo umepinda. Yeye akarudi nyumbani uso unang'aa, akaniambia kwamba katika nchi hii watu wanakualika kula kabla hata hawajakujua jina. Kuanzia hapo hakupita sahani. Akienda sokoni kwa miguu alikula mara tano njiani, kisha anarudi saa tisa kwenye chakula changu kilichopoa, anakionja kwa adabu kama mtu anayetembelea mgonjwa.

Mbona sikumwambia? Mwanzoni nilikuwa bado nacheka. Baadaye nikaona kina mama wa sokoni wananichagulia nyanya ngumu nzuri kwa sababu bwana wangu ni mtu wa watu. Nikanyamaza, nikala nyanya.

Wakati huo nami nilikuwa na jambo langu. Utotoni niliishia darasa la nne, na ukubwani nikarudi kwenye masomo ya jioni, katika madarasa ya shule ya msingi, magoti yananigusa kidevu kwenye madawati ya watoto. Baada ya miaka ya kunyang'anyana chemli moja watu thelathini, tukaambiwa tunaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Zikaja fomu. Kila fomu ipigwe muhuri na mwenyekiti wa kijiji ulikozaliwa, na irudi ofisi ya elimu mjini kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi. Ikichelewa, subiri mwaka mwingine. Fomu zenyewe zilitufikia Alhamisi jioni. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja, na mwaka mwingine sikuwa nao wa kutupa.

Kijiji changu kiko juu ya Kinole. Daktari aliposikia alisema Ijumaa anafundisha, lakini Jumamosi alfajiri atanipeleka mwenyewe, isitoshe mdalasini wake umekwisha. Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Ningekwenda kwa miguu, ningepanda lori juu ya mikungu ya ndizi. Nikasema asante.

Tukaondoka kabla ya jua. Njiani, pale Mkuyuni, akinamama walikuwa ndiyo kwanza wanapanga ndizi zao, wakinywa uji. Karibu. Tukanywa uji, bakuli mbili. Mbele kidogo, wapasua mbao na viazi vyao. Karibu. Kinole kwenyewe tulikaribishwa kahawa na mtu ambaye, naapa, alikuwa amelala nusu na alisema karibu kwa mazoea tu. Mimi nilikuwa naishika fomu kwa vidole viwili ili jasho lisifute jina langu.

Tulipofika kijijini, mwenyekiti hayupo ofisini. Jumamosi ni siku ya shamba la kijiji, wote wako huko. Na mwenyekiti mwenyewe ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Kwetu Waluguru mjomba ni serikali tosha; wangu alikuwa serikali mara mbili. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha fomu, nikamweleza habari ya saa sita. Hakuitazama.

"Muhuri una ofisi yake, na mimi nina shamba langu," akasema. "Kamata jembe kwanza, wewe wa mjini. Matuta manne."

Daktari alifurahi kama aliyetangaziwa sikukuu. Akavua viatu. Akalima robo ya tuta, akainama, akaokota bonge la udongo, akalinusa, akalivunja, akawaonyesha wazee, wakaanza kubishana mvua inapeleka wapi rutuba ya mlima. Nililima matuta yangu manne na lake la tano. Kisha mjomba akatembea hadi ofisini mwendo wa bwana harusi, akatoa muhuri kwenye kopo la chai, akauvua vitambaa vitatu kama kitoto kichanga, akasoma fomu yote mstari kwa mstari, akagonga, akapuliza wino. Ilikuwa saa nne na nusu. Kwa barabara ile, kufika mjini ni saa moja na nusu ukienda kama umeiba gari.

Hatujatoka hata nje ya kijiji, tukamkuta bibi mmoja, jirani wa mama yangu, amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake na sahani ya magimbi mapajani. Daktari alimjua, kila alipokuja kutafuta mdalasini alikula kwake. Bibi akainua mkono.

"Karibu, baba."

Nikauona mguu wa Daktari unahamia kwenye breki.

"Usisimame," nikasema.

"Amenikaribisha."

"Hajakukaribisha. Hiyo ni salamu tu. Mtu unajibu starehe, unapita. Nchi nzima inapita, Daktari. Ni wewe peke yako unayekaa."

Gari lilikuwa limesimama tayari. Akanitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu tumeumbwa."

"Na wale mafundi waashi?"

"Walicheka wiki nzima."

Akageuka dirishani. "Starehe, bibi," akasema kwa sauti ndogo, akaondoa gari. Nilimwona bibi kwa nyuma, mkono bado uko juu.

Tuliteremka kama tunafukuzwa na nyuki. Kona za mlima tulizikata, mabonde tuliyaruka. Kati ya Kinole na Mkuyuni sidhani magurudumu yaligusa ardhi zaidi ya mara sita. Mkuyuni tulipopita bila kusimama ndipo akauliza kama ina maana alikuwa anawapunguzia watu chakula chao. Nikasema kidogo tu. Masikio yake yakawa mekundu mpaka mjini.

Saa sita kasoro dakika saba nilimkabidhi karani fomu, naye alikuwa ameshika kufuli mkononi. Alinikasirikia kwa kumchelewesha kufunga. Ningeweza kumbusu.

Basi nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kwa siku mbili hivi. Halafu nikaanza kumwona Daktari. Alipita watu wote sasa. Starehe, starehe, starehe, hatazami mtu usoni, kama anayetupa mbegu kwenye shamba asilolitaka. Saa saba kamili yuko mezani kwangu, chakula cha moto, anakula nusu, anashukuru, anainuka. Mvua ikivuma mlimani hakuniambia nizime jiko. Sokoni nyanya zangu zikawa zile za chini ya tenga. Muuza nyanya akaniuliza kama bwana wangu amepandishwa cheo hata hataki tena kukaa na watu. Mafundi waashi nao wakaniita pembeni, wanataka kujua wamemkosea nini ili wamwombe radhi. Watu walewale waliomcheka.

Wiki ya tatu mama yangu akateremka kutoka mlimani na kapu la ndizi, akalitua jikoni, na kabla sijamaliza kumwamkia akaniambia kwamba jirani yake haongei naye. Kumbe yule bibi, tangu Daktari alipoanza kwenda kule, kila Jumamosi alichemsha magimbi mawili zaidi. Mdalasini ukitafutwa yanaliwa, usipotafutwa anawapa majirani. Jumamosi ile aliyachemsha vilevile, na gari likasimama mlangoni pake, kisha likaondoka.

"Nani alikutuma umfundishe mtu kupita?" mama akauliza.

"Nilikuwa nauokoa mtihani wangu, mama."

"Mwenye haraka husema ana haraka. Ungesema hivyo bibi angekufungia magimbi kwenye jani la mgomba mkala njiani. Wewe umemwambia mgeni wake hatakiwi."

Jioni ile nikamwendea Daktari barazani, nikamwambia nilikosea. Si kila karibu ni ya kupita. Akachukua daftari na kalamu, masikini, akaniuliza atazitambuaje. Nikaanza kumweleza. Tazama sufuria lina ukubwa gani. Tazama kama anayekula amesogea kwenye benchi. Sikiliza kama neno limevutwa au limekatwa. Lakini pia kuna wanaolikata na wanamaanisha, na kuna wenye sufuria kubwa na wachoyo. Nikajikanyaga hapo saa nzima, nami ndiye niliyetaka kwenda kutahiniwa. Mwisho akafunga daftari, akasema heri asimsumbue mtu tena.

Hilo ndilo lililonishinda kuvumilia. Jumamosi iliyofuata nikamwambia mdalasini umekwisha. Haukuwa umekwisha, nilikuwa nimeuficha kwenye unga. Tukapanda. Njia nzima aliinua mkono, starehe, starehe. Tulipofika kwa bibi nikamwambia asimamishe gari.

"Una uhakika?" akauliza.

"Shuka, Daktari."

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Hakusema karibu. Alimtazama Daktari kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili na maji ya kunawa. Alimnawisha yeye. Mimi aliniachia kata ya maji chini, nijinawishe.

"Na wewe," akaniambia, "leo huna pa kukimbilia?"

Nilikuwa napo. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki chache na hesabu zilikuwa zimenikaa kooni. Lakini Daktari alikuwa ameshaanza gimbi la kwanza, analimenya polepole, taratibu ile ile ya pasheni, na bibi amesogeza kigoda chake karibu anamweleza habari za udongo wa shamba la marehemu mumewe. Nikafungua daftari la hesabu gotini, nikatafuta kivuli. Daktari alipomaliza gimbi la tatu, aliomba la nne.