Mazoezi ya Kupumua Kando ya Gari Jeusi

Nilirudi Kampala na shahada ya saikolojia na imani kwamba hofu hupimwa kwa ushahidi. Bahati mbaya, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, ushahidi wote ulikuwa upande wa hofu.

Mgonjwa wangu alikuwa mwalimu, mkazi wa Kyebando. Tangu watu wa usalama, wale wa miwani myeusi, wamtie kaka yake kwenye buti ya gari mchana kweupe, hakuweza kupita karibu na gari lililoegeshwa. Shule yake ilikuwa Mengo, na magari yalijaa njia nzima. Mwalimu mkuu alikuwa amemtumia ujumbe: asipoonekana Jumatatu, itabidi aripotiwe kuwa ametoroka nchi. Aliyeripotiwa hivyo alikuja kutafutwa nyumbani.

Utafiti ulisema wazi: mgonjwa akisogelee anachokiogopa, akae hapo mpaka hofu ipungue. Nami nilikuwa mtu wa utafiti. Nikamsimamisha kando ya gari jeusi, tukavuta pumzi pamoja kama wanakwaya kabla ya wimbo.

Mwenye gari akatoka dukani, miwani myeusi usoni.

“Nyinyi nafanya nini kwa gari yangu?”

Usomi wangu wote ukanipa jibu moja, la kweli: “Mazoezi ya kupumua, afande.”

Akatutazama. “Hewa ya kwenu imeisha? Enda pumua huko!”

Tulikwenda. Upesi.

“Daktari,” mwalimu akasema tulipokuwa mbali, “yangu haijapungua. Yako je?”

“Yangu ndiyo imeanza, mwalimu.”

Kanuni ya kusogelea sikuitupa, nilibadilisha magari. Siku iliyofuata tulikwenda gereji za Kisenyi, kwenye magari yasiyo na magurudumu, injini zimelala chini. Hapo alisogea, akagusa milango, mwishowe akafungua buti. Ndani kuku alikuwa ametamia mayai, akamfokea vikali.

“Huyu naye ni usalama?” akauliza, akacheka mpaka akakaa chini.

Kuhusu magari mazima yenye watu wa miwani, tulikubaliana aendelee kuyaogopa, ila apite vichochoro vya nyuma.

Jumatatu nilisimama ng'ambo ya shule. Kengele ikalia, hayupo. Wanafunzi wakapanga mistari, hayupo. Ndipo akatokea nyuma ya vyoo, viatu vimejaa tope, na mwalimu mkuu akamkemea mbele ya shule nzima kwa kuchelewa. Sijawahi kufurahi vile kumwona mtu mzima akikemewa.