Kikombe cha Fundi Wangu

Fundi wangu wa vyombo vya umeme pale Woodley siku hizi ameajiri fundi mwingine. Jumamosi nilipopeleka blenda yangu, nilimkuta fundi wangu kaunta, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nikadhani ameanza uvivu.

Mama mmoja akaleta mikrowevu. "Nataka uitengeneze wewe mwenyewe."

"Huyu fundi wangu mpya ataimaliza vizuri, mama," akajibu, macho yakikimbilia bisibisi.

Nikamwambia, "Si hiyo chai imepoa?"

"Ilipoa kitambo. Nikiweka kikombe hiki chini nitashika bisibisi, halafu nyinyi mtaongea na nani?"

Fundi mpya akaishughulikia mikrowevu mpaka ikawaka. Mama akamshukuru, akaondoka. Fundi wangu akanigeukia.

"Haya, blenda yako inasumbua wapi?"

Miaka yote hiyo nimekuwa nikiujibu mgongo wake, yeye ameinamia kazi. Kumbe ana uso mzuri.